Bahari ya Sebuleni

Mume wangu alinunua bahari.
Aliileta vipande vipande: kioo, pampu, taa za buluu,
ndoo ya chumvi nzito kama mtoto wa miaka sita,
na mawe makavu ambayo, aliapa, yangefufuka.
Nikamwuliza, Verner, ziwa lote hili nje ya dirisha
halikutoshi?
Akasema: hilo halina chumvi.
Kana kwamba nilimwuliza habari za supu.

Hapa Duluth ziwa ni pana hadi ng'ambo haionekani,
na ukitaka, unalinywa kwa kikombe.
Yeye ni mpishi kwenye meli ya madini ya chuma,
analivuka na kulivuka tena miezi tisa ya mwaka,
kisha akirudi nyumbani anakoroga maji mengine
kwa mwiko wangu wa uji.

Wakaja wao, kwa posta, kutoka Florida,
kila mmoja na mfuko wake wa maji,
wamejikunyata kama soksi zilizosahauliwa ndooni.
Dola sitini, soksi moja!
Nilinyamaza. Verner anakujua kunyamaza kwangu;
alitoka nje kufagia theluji
ambayo bado haikuwa imeanguka.

Anemoni wa mwamba. Watu huwaita maua,
lakini ni ua gani lenye mdomo katikati,
ua gani hupapasa jiwe likitafuta ufa,
likaingiza mguu wake mmoja, likagoma kuhama?

Siku ya tatu walifunguka.
Mmoja rangi ya kiini cha yai, pindo la zambarau.
Mmoja mwekundu kama ulimi wa mwizi wa stroberi.
Na yule wa kijani,
kijani ambacho sijakiona juu ya nchi kavu,
minyiri yake mifupi, ina vinundu kama ushanga.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa niliwapa kamba waliokatwakatwa
wadogo kama chenga za mchele,
kwa kibanio changu cha nyusi, Jumanne na Ijumaa.
Nilifanya hivyo kwa kuwa Verner alikuwa melini.
Naomba ieleweke hivyo.

Novemba, usiku wa mvua ya barafu, nyaya zilikatika.
Pampu ikanyamaza.
Sikujua kama ilikuwa ikiongea.
Kipimajoto: sabini na nane.
Kufikia saa sita: sabini na moja.
Nililivika tangi blanketi la harusi yetu, lile la sufu
tusilolitumia tusije tukalichafua,
nikachota maji kwa jagi, nikayamwaga kutoka juu
yapate hewa.
Chota, mwaga. Chota, mwaga.
Niliwatukana kwa Kifini, lugha ya bibi yangu,
ambayo kwangu imebaki matusi tu.
Saa tisa mkono wa kulia ulikufa ganzi,
nikaendelea na wa kushoto, nikilowesha zulia.
Yule wa kijani alikuwa amejifunga fundo.
Nikainama na tochi, nikamwambia:
ukifa, Jumanne nitamlisha nani?

Umeme ulirudi alfajiri, kwa kishindo,
redio, taa za jikoni, mashine ya kufulia
ikaendelea na shuka pale ilipoishia.
Pampu ilikohoa mara mbili.
Verner akapiga simu kutoka bandari nyingine:
Wote wazima?
Mimi ni mzima, nikasema, asante.

Hilo moja sijamwambia:
majuzi nikifuta ukungu wa kijani kwenye kioo
niliona kitone, si kikubwa kuliko dengu,
nikakiwekea kucha nikikwangue,
nacho kikanyoosha minyiri.
Kando yake kingine. Chini ya jiwe, vitano.
Mama yao alikuwa amewatema, mmoja mmoja,
kwa mdomo uleule ninaoulisha.

Januari meli zitafungwa.
Atachuchumaa hapa na miwani yake ya kusomea,
koti bado mwilini, theluji ikiyeyuka mabegani.
Nitakaa kwenye kochi, na kahawa yangu.
Nataka nimwone akihesabu,
akosee,
aanze tena.